Umeweka Nyumba Rehani? Haki Ambazo Sahihi Yako Haizifuti

Mzee mmoja wa Matondoni, fundi wa majahazi, alinijia barazani hapa Lamu na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Tulipomaliza kuamkiana nikamuuliza, "Ami, notisi ya kwanza ilikufikia lini?"

"Notisi gani, mwanangu? Mimi nimeona gazeti tu. Kijana wa ndugu yangu aliyeko Mombasa kanipigia picha ukurasa wa minada, nikaona namba ya kiwanja changu cha Mokowe."

"Barua yoyote hukuletewa?"

"Sikuletewa. Lakini si nilitia sahihi? Karatasi yasema nimeacha haki ya kuletewa barua. Nitasema nini tena?"

Nilikuwa karani wa mikopo Malindi kwa miaka kadhaa. Karatasi kama zile za mzee nimezisukuma mbele ya watu wengi, nikiwawekea msalaba wa penseli pale pa kutia sahihi. Waliozisoma niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na kila mambo yalipoharibika, neno lilikuwa lile lile: si nilitia sahihi? Basi huu ni mwongozo wa kumjibu mzee na wenzake. Mimi si wakili, na kesi ikishafika mahakamani utahitaji wakili. Lakini mengi huharibika kabla hapajafika huko, na hayo mtu aweza kuyashika mwenyewe.

Jibu lenyewe ni hili. Sahihi yako hufunga mambo mengi: kiasi cha deni, kiwango cha riba, tarehe za kulipa, nani mdhamini. Lakini zipo haki ambazo sheria ya Kenya imempa mwenye deni na kumkataza mkopeshaji kuziondoa kwa mkataba. Kifungu kinachoziondoa, hata kikiandikwa kwa herufi nzito na kushuhudiwa na wakili, ni wino tu.

Hili si geni, wala si letu peke yetu. Waliosoma fiqhi madrasani wanajua kwamba rahani haimmezi mwenyewe: deni likichelewa, kitu hakigeuki kuwa mali ya mkopeshaji hivi hivi, huuzwa, deni likatwe, kinachobaki kirudi kwa mwenyewe. Huko Marekani nako, sheria yao ya biashara ina kifungu cha 9-602 kinachotaja moja baada ya nyingine haki ambazo mkopaji hawezi kuzisalimisha anapochukua mkopo wa dhamana. Sababu haihitaji elimu kubwa. Mtu anayeomba pesa ana shida, na mwenye shida hutia sahihi chochote.

Hatua ya 1: Jua uliweka nini, na kwa karatasi ya namna gani

Toa karatasi zote, uzipange kwa tarehe. Usianze na barua ya vitisho, anza na ile ya siku ya kwanza. Unatafuta kujua umesimama wapi, kwa sababu neno "dhamana" linabeba mambo manne au matano yasiyofanana.

Ikiwa ni ardhi au nyumba yenye hati, na mkopeshaji akasajili rehani katika ofisi ya ardhi, basi uko chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Huko ndiko kwenye kinga nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya huko. Hakikisha kwa kufanya sachi rasmi, yaani kuomba ofisi ya ardhi ikuonyeshe kilichoandikwa katika daftari lake, uone rehani iliyoandikwa ni ya kiasi gani na kwa jina la nani. Kama ni shamba la kilimo, tuseme la Mpeketoni au Witu, uliza pia iko wapi ruhusa ya bodi ya ardhi, kwa sababu shamba haliwekwi rehani bila ruhusa hiyo.

Ikiwa ulimkabidhi mtu hati yako ya ardhi akaifungia kabatini, mkaandikiana karatasi ya mkono, hiyo ni rehani isiyo rasmi. Watu wengi wa pwani wako hapa: jirani mwenye duka, mfanyabiashara wa samaki, mtu wa msikiti mmoja nawe. Mkopeshaji wa namna hii hawezi kuingia katika ardhi wala kuiuza bila amri ya mahakama. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi kimesema hivyo wazi, na vifungu nitakavyovitaja kwa namba tu huko mbele ni vya sheria hiyo. Kuwa na hati yako mkononi hakumfanyi mwenye mali. Akikutisha kwamba "nitaiuza Ijumaa", muulize amri ya korti iko wapi.

Halafu kuna karatasi ya tatu, na hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Umekopa, lakini ulichotia sahihi ni mkataba wa kuuza. Nyumba imeandikwa kwamba umeiuza kwa shilingi laki nane, na kwa mdomo mmeambiana ukirudisha laki nane na ziada ndani ya mwaka, karatasi itachanwa. Pengine ulitia sahihi na fomu ya kuhamisha umiliki, nafasi ya tarehe ikaachwa tupu. Wazee wa pwani wanaijua biashara hii kwa jina la bei khiyari: mtu "anauza" nyumba yake, anaendelea kuishi humo akilipa kodi, na anabaki na hiari ya kuirudisha. Ilitumika hapa na Unguja zamani kuikwepa riba, na majumba mengi yalibadilisha wenyewe kwa njia hiyo.

Ukigundua uko katika karatasi ya tatu, usingoje mwaka uishe. Kusanya kila kinachoonyesha kwamba lilikuwa deni: ujumbe wa simu unaotaja "mkopo" au "marejesho", taarifa ya M-Pesa ya malipo ya kila mwezi, shahidi aliyekuwapo, na kwamba hukuhama nyumbani. Bei iliyo chini mno kuliko thamani ya nyumba nayo ni shahidi. Mahakama huweza kutazama kilichotendeka na si kichwa cha karatasi tu, lakini kazi ya kuthibitisha ni yako, na ni ngumu. Mpelekee wakili wiki hii hii. Na kama bado hujatia sahihi, usitie. Anayetaka dhamana aandike dhamana.

Vitu vinavyohamishika nitavifikia baadaye.

Hatua ya 2: Chukua kalamu nyekundu

Soma mkataba wa rehani taratibu, na kila unapokuta maneno kama "mkopaji anaacha haki", "bila notisi", "kwa bei yoyote", "hatapinga mahakamani", piga mstari chini yake. Kisha pima mistari hiyo kwa haya.

Haki ya kukomboa mali ndiyo mama wa zote. Kifungu cha 85 kinasema makubaliano yoyote yanayomnyima mkopaji haki ya kulipa na kuondolewa rehani, au yanayomwekea vizingiti visivyo vya haki katika kuitumia, ni batili. Ukilipa deni lote kabla mali haijauzwa, mali ni yako. Kifungu cha 89 nacho kimepiga marufuku ile namna ya mkopeshaji kuichukua mali moja kwa moja ikawa yake kwa sababu tu umechelewa. Na hata mkopeshaji akitaka kununua mwenyewe kitu anachokiuza, sheria imemwekea masharti.

Haki ya kuuziwa kwa bei ya maana iko katika kifungu cha 97. Mwishoni mwa kifungu hicho sheria imejilinda yenyewe: jaribio lolote la kukiondoa, ndani ya mkataba wa rehani au katika karatasi nyingine inayohusiana nao, ni batili. Ndiyo maana "kwa bei yoyote atakayoona inafaa" ni maneno matupu.

Notisi nazo, mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba bila notisi ya sheria, haki ya kuuza haijazaliwa. Na haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu imo katika vifungu vya 103 hadi 106. Humo korti imepewa hata uwezo wa kuifungua upya rehani na kurekebisha masharti yake haki ikidai hivyo.

Kile ambacho hakimo katika orodha hii, chukulia kimekufunga. Usije ukaniambia Karani alisema riba haikuhusu.

Hatua ya 3: Anwani yako

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Watu wa Lamu wengi hawana sanduku la posta. Anayejaza fomu huandika sanduku la shule aliyosomea, la msikiti, la mjomba aliyekuwa akifanya kazi serikalini. Miaka saba baadaye mjomba amestaafu na sanduku limefungwa. Notisi hutumwa kwa posta ya rejista kwenye anwani ya mwisho iliyo faili, risiti ya posta inabandikwa, na kwa taasisi kazi imekwisha. Mwaka mmoja nilituma notisi kwa mama mmoja wa Mambrui kwenye sanduku nililojua kabisa haliendei tena, kwa kuwa nilimwona sokoni karibu kila wiki na aliwahi kuniambia. Nilijiambia mimi nafuata faili. Alijua habari siku dalali aliposimama uani kwake.

Kwa hiyo, leo, kabla hujawa na tatizo lolote, andika barua fupi ya kubadilisha anwani. Taja namba ya mkopo, anwani mpya, namba ya simu, barua pepe hata kama ni ya mwanao, na mahali unapoishi kwa alama zinazoeleweka. Ipeleke mwenyewe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Barua hiyo hukusaidia mara mbili: notisi ikitumwa vizuri utaipata mapema, na ikitumwa pabaya utakuwa na la kusema. Ukisema kwamba hukupata notisi, mzigo wa kuonyesha ilitumwa vipi na wapi humwangukia mkopeshaji, na karatasi yako yenye muhuri ndiyo itakayompa kazi.

Hatua ya 4: Hesabu siku

Watu hudhani benki ikikasirika kesho inauza. Siyo. Chukua kalenda ya ukutani tufuate mfano mmoja.

Hukulipa fungu la tarehe 5 Januari. Sheria inataka kuchelewa kwako kuendelee mwezi mzima kwanza, basi tufike 5 Februari. Hapo ndipo mkopeshaji aweza kukuletea notisi ya kifungu cha 90. Notisi hiyo haitoshi kusema "unadaiwa". Lazima ieleze umekosa nini, ulipe kiasi gani ili kurekebisha, kwa muda usiopungua miezi mitatu, na ikujulishe kwamba unayo haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu. Ikikufikia 10 Februari, muda unakwisha 10 Mei.

Hujaweza. Sasa inakuja notisi ya pili, ya kuuza, chini ya kifungu cha 96: siku 40. Ikifika 12 Mei, zinakwisha 21 Juni. Nakala yake hupelekewa pia wengine wenye haki, wakiwamo mdhamini na mke au mume aliyekubali rehani.

Kisha dalali. Kanuni za Madalali za 1997, kanuni ya 15, zinamtaka akupe kwa maandishi siku zisizopungua 45 za kukomboa. Kuanzia 22 Juni tunafika 6 Agosti. Baada ya hapo hutangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza. Hatua zikifuatana hivi, tumefika karibu na 20 Agosti, miezi saba na nusu tangu fungu ulilokosa. Muda huo ni mali. Mtu aweza kuuza ng'ombe, kumpangisha mtu chumba, au kuuza kiwanja mwenyewe kwa bei nzuri kuliko ya nyundo.

Andika kila tarehe nyuma ya bahasha uliyoipokea, pamoja na jina la aliyekuletea. Usitupe bahasha, muhuri wa posta uko juu yake. Hatua moja ikirukwa au siku zikipunguzwa, hapo una hoja ya kisheria, tena hoja nzuri kuliko malalamiko mengine yote.

Lakini fahamu na upande wa pili, maana hapa wengi wameumia. Nyundo ikishagonga, kifungu cha 99 kinamlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia safi. Hata kama notisi hazikutolewa, wewe utabaki kudai fidia kwa aliyekuuzia, na nyumba haitarudi. Haki hizi ni kali kabla ya mnada na butu baada yake. Yule mzee wa Matondoni alikuja siku kumi na moja kabla. Angekuja baada, tungezungumza mambo mengine.

Hatua ya 5: Nani anaishi humo?

Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani kimyakimya. Kifungu cha 79 kinataka hati zitiwe sahihi na mwenye mali pamoja na mke au mume anayeishi humo, au pawe na ushahidi kwamba ameridhia. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, na nimewasikia wakopeshaji wakijificha nyuma ya hilo. Sheria ya Ardhi haikuweka mlango huo.

Hapa Lamu jambo hugeuka, kwa sababu nyumba nyingi za mji wa kale ni za wanawake: baba humpa binti nyumba, mume huja kuishi kwake. Kwa hiyo mara nyingi ni mke anayesaini rehani kwa mkopo wa biashara ya mume. Bibi, ukiletewa karatasi ya namna hiyo, omba uende nayo nyumbani siku mbili na umpelekee wakili wako, si wa mumeo wala wa benki. Ukinyimwa siku hizo mbili, jambo hilo lenyewe ni habari.

Hatua ya 6: Bei

Kabla ya kuuza, mkopeshaji lazima ahakikishe mali imethaminiwa, na kwa Kanuni za Madalali thamani inayotumika isiwe imepitisha miezi 12. Andika barua kuomba nakala ya ripoti ya mthamini. Soma maelezo yake: je, alihesabu vyumba vyote, kisima, ghorofa uliyoongeza? Nimeona ripoti ya nyumba ya mawe ya ghorofa mbili iliyoandikwa na mtu ambaye, kwa maelezo yake, ni wazi hakupanda ngazi.

Bei ikianguka robo au zaidi chini ya bei ya soko, kwa usomaji uliozoeleka mahakamani, sheria inamdhania mkopeshaji kwamba amekiuka wajibu wake, na ni juu yake kujitetea. Nyumba ya milioni nne ikiuzwa milioni mbili na laki sita ni pungufu ya asilimia 35. Ushahidi wako ni bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, kwa hivyo ziulize mapema. Kama una uwezo, mlipe mthamini wako mwenyewe aliyesajiliwa.

Na wewe pia waweza kumletea mkopeshaji mnunuzi kabla ya mnada. Wengi hukubali, kwa kuwa mnada una gharama na aibu kwao pia.

Hatua ya 7: Omba hesabu, lakini usiitegemee peke yake

Dai taarifa kamili ya akaunti tangu siku ya kwanza. Kama riba yako ni ya kupanda na kushuka, mkopeshaji alipaswa kukupa notisi ya maandishi ya siku 30 kila alipoibadilisha. Tafuta ziko wapi.

Kwa mikopo ya benki kuna kinga ambayo wengi hawajaisikia. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki, kilichoanza kazi Mei 2007, kinasema deni likishakuwa bovu, riba haipiti kiasi cha mtaji, yaani pesa yenyewe uliyokopa bila riba, uliokuwa umebaki wakati huo. Kama mtaji uliobaki ulikuwa 400,000, riba ikomee 400,000. Wanachoweza kudai ni 800,000 na gharama za kudai. Ukiona barua ya milioni moja na nusu, chukua kikokotoo.

Hata hivyo, kubishania hesabu peke yake kwa kawaida hakuzuii mnada. Majaji husema: lipa unachokubali, kingine tutahesabu. Kinachozuia ni notisi kukosekana, ridhaa ya mke au mume kukosekana, thamani kukosekana.

Vyombo, pikipiki na vitu vya dukani

Injini ya mashua, friji la samaki, bidhaa za dukani: hivi huwekwa dhamana chini ya Sheria ya Dhamana za Mali Zinazohamishika ya 2017, na husajiliwa kwa mtandao, si katika ofisi ya ardhi. Dalali akija kukamata mali hairuhusiwi apakie na kuondoka siku ile ile. Kanuni ya 12 ya zile Kanuni za Madalali inamtaka kwanza aorodheshe kila kitu, hali yake na thamani yake, apate sahihi ya mwenye mali au mtu mzima aliyepo, kisha akupe siku saba za kukomboa. Soma orodha kabla hujatia sahihi: akiandika "injini kuukuu, 15,000" na wewe uliinunua mwaka jana, andika pingamizi lako pale pale pembeni. Na kama anataka kuvunja mlango, au anaona patakuwa na fujo, aende kwanza kortini kuomba ulinzi wa polisi. Muulize leseni na barua ya maagizo. Usimpige, usimfungulie mbwa. Mpige picha.

Pikipiki za bodaboda ni kisa kingine. Kama mkataba wako ni wa kukodi ukinunua, Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenyewe hawezi kukunyang'anya ila kwa kesi mahakamani. Pikipiki ya jumla ya 240,000 ukiwa umeshalipa 160,000, vijana wa kuvizia barabarani usiku hawana haki nayo. Ila tazama vizuri kichwa cha mkataba, maana makampuni mengi siku hizi huandika "mkopo" na logibuku, ile hati ya umiliki wa chombo, huwa na majina mawili, na hapo theluthi mbili haikusaidii.

Mkopo wa sako, yaani chama cha akiba na mikopo, una njia yake, mgogoro wa mwanachama huenda Mahakama ya Vyama vya Ushirika. Mikopo ya simu haina dhamana ya mali, lakini kanuni za Benki Kuu za 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kutukana na kuwapigia watu walio katika simu yako.

Karatasi zinazokuja baada ya kukwama

Ukishachelewa, mkopeshaji mwerevu hatumi dalali kwanza. Anakuita, anakupa chai, anakuletea "makubaliano mapya": unakiri deni lote na adhabu zake, unakubali notisi zote zilikufikia vizuri, unaahidi kutokwenda mahakamani, nawe unaongezewa miezi mitatu. Hapa uwe macho kuliko siku ya kwanza. Kukiri kwa maandishi kwamba notisi ulizipata ni ushahidi dhidi yako, na si rahisi kuufuta. Makubaliano yakisajiliwa mahakamani kama ridhaa ya pande mbili, kuyavunja ni kugumu kama kuvunja mkataba wenyewe. Hata wale Wamarekani, baadhi ya haki wamemkataza mkopaji kuziacha kabla hajakwama, wakamruhusu baadaye akijua anachokifanya.

Miezi mitatu yaweza kuwa na thamani. Ichukue, lakini omba mistari ya kukiri notisi na ya kuacha mahakama itolewe. Mara nyingi hutolewa. Najua, kwa sababu nilikuwa naitoa mtu akiniomba, na hawakuniomba wengi.

Ukiamua kwenda mahakamani

Nenda mapema. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na hapo siku imekwisha. Ubishi wa rehani, kwa uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2017, si wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni wa Mahakama Kuu, au hakimu kulingana na thamani. Wakili asiyelijua hilo atakupotezea wiki mbili ambazo huna.

Utakachoomba ni zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha mnada mpaka kesi isikizwe. Jaji atataka kuona una kesi yenye uzito, kwamba utaumia kwa namna ambayo pesa haitafidia, na akiwa na shaka atapima nani ataumia zaidi. Bahasha zako, kalenda yako, barua yenye muhuri na ripoti ya mthamini ndizo zitakazosema. Na kama una kitu cha kulipa, kilipe hata kidogo kabla ya siku ya kusikizwa: anayeomba huruma huku mfuko umefungwa hasikizwi sana.

Kuomba zuio hakukunyimi haki ya kukomboa. Kifungu cha 102 kinakuruhusu kulipa deni na gharama mpaka kabla mkopeshaji na mnunuzi hawajafungana mkataba. Mzee wangu alifuata njia zote mbili. Wakili alipeleka hoja ya notisi, ambayo faili ilionyesha ilitumwa kwenye sanduku la chama cha mafundi kilichokufa zamani, naye huku akauza jahazi dogo lililokuwa bado liko magogoni.

Baada ya yote

Mali ikiuzwa, pesa hugawanywa kwa mpango wa kifungu cha 101: kodi na madeni ya ardhi, gharama za mnada, deni, wadai wengine wenye rehani, na kinachobaki ni chako. Dai hesabu hiyo kwa maandishi. Hakuna mtu atakayekukimbilia na ziada yako.

Na ukimaliza kulipa bila kuuziwa, usirudi nyumbani na risiti tu. Dai hati ya kuondoa rehani iliyotiwa sahihi na mkopeshaji pamoja na hati yako ya ardhi, isajiliwe, kisha ufanye sachi nyingine. Mzee alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu kwa jambo hilo. Mara ya tatu alinipigia simu akiwa bado kwenye foleni, akataka nimsomee kwa picha kama safu ya rehani ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu.